Moja kwa Ishirini na Nne

Boksi lilikaa forodhani siku kumi na tisa.
Karani akalitikisa sikioni: "Nini hiki kinacholia?"
Nikamwambia gari. Akacheka,
akanitoza ushuru wa vitu vya watoto
na jina langu akalikosea.

Pijo mia tano na nne, vipande tisini na sita,
vimening'inia vijitini kama mabilimbi.
Usukani uko kushoto. Huko lilikotoka
dereva hukaa mahali pa abiria wetu.
Basi kazi ya kwanza ikawa kumhamisha baba:
dashibodi nikaipasua kwa msumeno wa uzi,
nikaigeuza, pengo nikaliziba kwa unga wa kuzibia meno.

Maana mimi ni fundi wa meno ya bandia, Ilala, ghorofa ya pili.
Mchana nawachongea watu tabasamu wasilozaliwa nalo;
jioni narudi na sindano zilizopinda,
brashi zilizonyonyoka,
drili ndogo iliyochoshwa na magego.
Magomeni, vyombo vikishaoshwa, natandika gazeti mezani.

Dar haitaki rangi ikauke.
Feni ikizunguka, vumbi latua juu ya boneti.
Feni ikizimwa, jasho ladondoka juu ya boneti.
Nilichagua kuzima. Nikajifunga kanga kichwani,
nikabana pumzi kama anayetunga uzi sindanoni,
mara umeme ukakatika,
na ule weupe ukakauka gizani bila mtu kuutazama,
laini kuliko wote niliowahi kupaka.
Shirika la umeme sitalishukuru.

Shemeji Mwinshehe apita: "Mtu mzima na toi!"
Simjibu. Mdomoni nimebana taa ya nyuma.

Weusi wa tairi ni dawa ya viatu.
Wekundu wa taa ni rangi ya kucha, Kariakoo, elfu mbili;
muuzaji aliniuliza ni ya kucha zipi,
nikamwonyesha kidole gumba kilicholiwa na wembe.

Milango ya boksi haifunguki, imechorwa tu.
Mitatu nikaikata, nikaitia bawaba za waya wa simu.
Wa nne, wa nyuma kushoto, nikauacha ulivyo.
Ule haukufunguka tena tangu Buguruni,
tangu lori la mchanga lilipoubusu.
"Zungukia huku, bibie," baba akiwaambia, "mlango huo mgonjwa."

Nikapasha kijiko motoni.
Mkono ukasita. Gari jipya, linang'aa,
miezi mitatu ya msasa laini kama ulimi wa paka,
nani huharibu kazi yake kwa mkono wake?
Nikabonyeza. Plastiki ikalegea, ikaingia ndani taratibu,
na hapo, kwa mara ya kwanza, nikalitambua.

Nikampelekea mama. Akaliweka kiganjani,
akapandisha miwani, akachungulia kioo cha mbele
muda mrefu, kama anayetaka kuulizia nauli.
Sikutegemea sifa; mama hasifii hata pilau ya harusi.
Nilingoja aseme juu ya lile bonyeo, au usukani,
au namba ya usajili niliyoiandika kwa unywele mmoja wa brashi.

Akasema: "Taulo liko wapi?"
Taulo gani?
"La kijani. La kiti chake. Mgongo ule ulikuwa wa jasho,
na aliyekuwa akifua kila Alhamisi ni mimi."

Sasa ni saa tano usiku.
Nina kipande cha shashi ya kliniki,
nimekichovya kwenye rangi ya keki,
nakipunguza uzi mmoja mmoja kwa kibano.
Bado nene. Nakata tena.
Mgongo wa mtu,
ukiugawa kwa ishirini na nne,
unabaki na jasho kiasi gani?