Mkono wa Tatu

Duka la Ostergren lanuka mafuta ya bunduki
na kahawa iliyochemka tangu alfajiri.
Nimeingia na upinde mkononi, podo mgongoni,
mkanda wa mkoba umenibana kiunoni.
Wateja wananitazama kama mtu aliyekuja harusini na jembe.
Sawa. Watazame.
Mwaka jana kaka yangu Arvid alinunua bastola
kama mtu anunuavyo kofia: mbele ya kioo.

Ostergren anapanga chuma juu ya kitambaa.
Hii ya silinda, risasi sita, nzito kama deni la benki.
Hii ya milimita kumi, risasi kumi na tano,
mpini wake wa plastiki haujali mvua.
Na ile ndogo ya mfukoni?
"Hiyo utamuudhi dubu tu," anasema,
"na dubu wa Montana hahitaji sababu."

Mama alipenda kusema akiba haiozi.
Tulipofungua sanduku lake tulikuta bastola ya babu
imevikwa soksi ya sufu,
silinda imeganda.
Akiba haiozi, kweli. Hushika kutu tu,
kimya kimya, huku wewe unaitegemea.

Ya Arvid haikuwa na kutu.
Ilikuwa chini ya mkoba,
chini ya kamba, chini ya mkate na jibini,
asubuhi ile dubu jike alipoinuka kando ya kijito
na watoto wawili nyuma yake.
Sasa kaka ana sikio moja na ushauri mwingi:
Nunua kubwa, Signe. Kubwa kupita zote.

Sikubishana. Niliivaa ile kubwa kifuani,
nikauvuta upinde mbele ya rafu ya viatu,
nikaurudisha polepole, na ugwe ukagusa ala: ta.
Sauti ndogo. Kulungu dume wa hatua thelathini
angekuwa ameshavuka bonde.
Nikaishusha nyongani; mkanda wa mkoba ukaimeza.
Nikaihamishia kushoto;
lakini mkono wa kushoto una kazi, umeshika upinde,
na wa kulia umeshika ugwe.
Hapo ndipo nilipoiona hesabu:
mwindaji wa upinde hana mkono wa tatu.

Ostergren akakuna kidevu.
"Basi swali si bastola ipi," akasema.
"Swali ni utaangusha nini."

Upinde huu nimeulipia kwa misimu miwili
ya kukamua ng'ombe wa watu.
Magurudumu yake nayapangusa kwa fulana yangu mwenyewe.
Niliutazama muda mrefu.
Kisha nikalipia ile ya milimita kumi,
na ala ya kukaa tumboni, chini ya njia ya ugwe,
na kopo la pilipili ya kupuliza,
kwa sababu Ostergren hakuniruhusu nitoke bila hilo.

Zimebaki siku nane msimu ufunguliwe.
Nyuma ya ghala nimetandika godoro kuukuu.
Bastola ni tupu; nimeikagua mara mbili,
Arvid ameikagua mara tatu.
Yuko juu ya mteremko na tairi la gari.
Hanipi ishara. Dubu hapigi hodi.

Nasikia nyasi zikilazwa.
Vidole vinafunguka, upinde unakwenda chini,
moyo unaufuata, mkono unautafuta mpini,
unaupata, unapanda nao

na tairi linanigonga goti, linapita,
linazunguka zunguka, linalala karibu na pipa la maji.

"Umeutazama!" Arvid anapaza sauti.
"Umeutazama upinde ukianguka!"

Ni kweli.
Anateremka kulichukua tairi, bila haraka,
kichwa amekigeuza upande ule wenye sikio,
asije akakosa kusikia
nikisema imetosha.