Mkia wa S

Mwalimu Mhina, chumba cha juu, Ngamiani,
anafuta mkia wa S kwa kidole:
hablas, unasema;
habla. Sema!
Comes, unakula;
come. Kula!

Nikacheka: si ndiyo lugha ya mama
alfajiri, mlango wa uani?
Fagia. Chota. Koleza. Epua.
Kitenzi kifua wazi.

"Na kwa mtu mzima?"
Akafuta A, akaandika E: hable.
Nikanyamaza. Kumbe na huko
adabu hukaa kwenye E,
kama kwetu: useme, ule, ulale salama.

Jioni nimemkuta anasonga bada,
jasho hadi kwenye kanga.
Mama, descanse.
"Ndiyo nini hiyo?"
Upumzike.

Hakuketi.
Ila mwiko
akanipa.