Kikonyo Kimoja

Nilikata vikonyo viwili asubuhi moja,
mkorosho mmoja, tawi moja, kisu kimoja
nilichokwisha kukifuta kwa spiriti.
Nikavibebesha juu ya mashina machanga,
nikazungusha utepe wa nailoni, nikakaza.
Mmoja ulibaki uani kwangu, Naliendele.
Wa pili ulipanda basi la Newala
ndani ya kopo la rangi, katikati ya miguu yangu,
ukateremka Mahuta, kwa mama mdogo Sichana.

Mwaka wa nne akapiga simu.
"Chitanda, umenibadilishia mche."

Nikaenda. Ni kweli, haifanani.
Wa kwangu umenenepa, unamwaga majani ovyo
kama mlevi anavyomwaga chenji.
Wa kwake umejikunja,
majani madogo, magumu kama kucha za mkulima,
na maua umeyatoa mapema, mwezi mzima mbele ya wangu,
kama mtu aliyeambiwa usiku kwamba kesho safari.

Tuliketi juu ya mifuko ya salfa, nikajaribu.
Mama, kila seli ya mti ina kitabu,
na kitabu ni kile kile, herufi kwa herufi,
mzizini, kwenye ganda, kwenye bibo hilo unalolikamua.
Ila mzizi hausomi ukurasa wa ua.
Kuna vinukta hubandikwa juu ya neno
neno lisitamkwe.
Kuna uzi huzongwa, ukazongwa tena,
hata msomaji akakosa pa kuingizia ukucha.
Udongo ukikauka, mzizi hupeleka habari juu,
jani likafumba vinywa vyake,
na huko ndani ukurasa uliolala tangu mti ni mbegu
hufunuliwa, hunakiliwa,
nakala ikaenda kazini, na kazi ikiisha
ikachanwachanwa.
Mti wako haukuandikwa upya.
Umesoma pengine tu.

Alikuwa akichambua njugu mawe, hakuinua uso.
"Na anayefunua ni nani?"
Hakuna mtu, nikasema. Ni kiu yenyewe.
"Kiu haina vidole."

Miaka kumi na mmoja nimeosha vioo vya watafiti,
nimebeba trei zao, nimeandika lebo zao kwa wino usiofutika,
wala sikuwahi kusikia swali hilo likiulizwa hivyo.
Nikamwambia vidole vipo, vidogo mno,
mti huvitengeneza wenyewe
kwa maelekezo ya kitabu hicho hicho.

Akacheka hadi njugu zikamwagika.
"Kwa hiyo kitabu kinajifunua chenyewe!
Chitanda, nirudishie elfu mbili yangu."

Sikumrudishia. Nilizunguka mti,
nikapindua jani moja, nikalipindua jingine,
nikatafuta kwa macho kitu ambacho macho hayakioni.
Nchani palikuwa na majani mapya, mekundu bado,
hayajaamua.

Jua la saa nane likanikausha koo.
Tangu tumzike mama sikuwa na wa kusema naye Chimakonde.
Mjini ni Kiswahili, kazini Kiswahili,
wanangu hawajui hata kuamkia.
Nilidhani kimekwisha,
kimeshuka naye, tumekifukia, tumemwagia maji juu.

Pale Mahuta maji ni ya ndoo na ndoo ni ya pesa.
Ndoo imefunikwa sinia,
sinia limewekewa jiwe.
Nikanyoosha mkono kwenye kata,
na kabla sijachagua lugha, mdomo ukasema:

Medi.

Mama mdogo akanitazama.
Kisha akainua jiwe.