Masikio ya Mashine

Niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande,
mwezi wa pili, Tartu, theluji imefika dirisha la chini,
juu ya meza ya chakula tuliyoitandika gazeti.
Kichakataji cha mkono wa pili, cha Ülo wa ghorofa ya nne.
Feni tatu. Ubao mama mpya, na juu ya kasha lake
wino wa fedha: bluututhi imo ndani.

Imo ndani. Nikaamini, kama mtu anavyoamini
kwamba koti la mwaka jana lina pesa mfukoni.

Baba alikuwa na visaidizi vipya vya kusikia,
vidogo kama punje za maharage, ghali kama ng'ombe.
"Vinazungumza na kompyuta," daktari alimwambia.
Baba akajibu: hata mimi huzungumza nayo,
ila hainijibu.

Nikapakua kiendeshi. Nikakifuta. Nikakipakua tena.
Nikaingia kwenye menyu ya buluu inayotangulia kila kitu,
nikakuta imewashwa, imekuwa imewashwa siku zote,
inanitazama.
Usiku wa tatu nikachomoa waya ukutani,
nikabonyeza kitufe sekunde thelathini
ili mashine imwage hata kumbukumbu ya umeme.
Nilihesabu kwa sauti.
Baba akauliza: "Unamzika nani?"

Ikatokea. *Hillar, kushoto. Hillar, kulia.*
Ikaunganisha, ikakata. Ikaunganisha, ikakata.
Sauti ilitoka sandukuni ikafika shubiri moja, ikafa.

Ndipo Baba, daktari wa mifugo miaka arobaini
katika mabanda ya Põlva, akapiga magoti,
akaegemeza sikio kwenye ubavu wa bati
kama alivyokuwa akiwaegemea ng'ombe,
akafumba macho.
Mtangazaji alikuwa akisoma hali ya barafu ya ziwa Peipsi:
unene wake, nyufa zake, pasipokanyagwa.
"Yu hai," Baba akasema. "Na ndama amelala vizuri."

Wiki nzima alisikiliza hivyo.
Nikamwekea mto sakafuni.
Mimi kwenye kibodi, yeye kwenye ubavu,
goti langu likigusa bega lake.
Hatukuwahi kukaa karibu kiasi hicho
tangu enzi za kufungwa kamba za viatu.

Jumamosi nikawa natupa makasha.
Chini ya kijitabu kisichosomwa na mtu
palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko
antena mbili, nyeusi, fupi, zenye shingo ya dhahabu.
Na nyuma ya mashine vile vichomozo viwili vya dhahabu
ambavyo nilidhani ni mapambo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeambiwa.
Hatukuambiwa lolote kuhusu asiyepewa sikio,
aliyeundwa kiziwi na mimi, kisha na mimi akalaumiwa kwa uziwi.

Nikazungusha kwa vidole, moja, ya pili, zikakaza.

Baba akainua kichwa. Akasogea hatua. Akasogea nyingine.
Akaenda jikoni, barafu ya Peipsi ikimfuata.
Akachemsha maji, ikamfuata.
Akafungua mlango wa roshani, akasimama kwenye baridi
bila kofia, mjinga wa furaha,
akanipungia mkono nyuma ya kioo:
nasikia, nasikia hata huku.

Nikampungia.

Siku hizi anasikia mpaka chumba cha kufulia.
Huja mezani kuchukua miwani tu.
Mto bado uko sakafuni, una shimo la umbo la goti,
na feni zinauvumia vumbi.

Jana usiku, yeye amelala,
nilipitisha mkono nyuma ya sanduku,
nikaishika antena ya kushoto,
nikailegeza nusu mzunguko.

Nikaikaza tena.