Kifungu cha Tisa

Ofisi ya maji, Skarvøy. Ragnfrid alitia saini:
hatasema, hataandika, hatanakili,
hata akishastaafu, hata mumewe akimdodosa.

Ripoti ya bomba la Mtaa wa Kanisa
ina muhuri mwekundu: SIRI.
Kaisoma mara mbili, kaifungia kabatini,
ufunguo kaurudisha kwa mkuu wa idara.

Jumanne akapita dukani.
Chupa kumi na nane za maji
akaziburuta juu ya theluji
mbele ya madirisha yote ya Mtaa wa Kanisa,
polepole,
akituama kupumua mlangoni kwa Torunn
anayenyonyesha.

"Mabomba yenu yameganda?"
"La," akajibu. "Leo kuna jua zuri."

Kifungu cha tisa hakikutaja chupa.

Torunn akaingia ndani,
akaitazama birika,
akaizima.