Laja ama Laenda

Kitabu cha gari nimekikuta ndani ya kopo la biskuti,
chini ya vifungo, sindano za cherehani
na risiti za kodi ya manispaa.
Jalada limeliwa na mende, wameacha herufi ya kwanza.
Jina kamili ni Studebaker.
Malindi hakuna aliyelitamka hivyo.
Tudibeka, walisema, kama mtu wa Takaungu.

Jina la kwanza, wino wa buluu: Taibali Jivanji,
mwenye kinu cha pamba, mwaka wa hamsini.
Alilipokea Mombasa, akaja nalo vumbini,
pua imechongoka mfano wa ndege,
kioo cha nyuma kimezunguka mabega yote,
hata watoto wa Shela wakabishana:
laja ama laenda?
Mmoja alikaa hadi magharibi akingoja liote mabawa.

Taibali alieleza hata asipoulizwa:
waliolibuni walianza na nyundo na fuawe,
ndugu wahunzi wa huko kwenye theluji,
wakiunda magari ya farasi
na toroli za wachimba dhahabu.
"Toroli!" alicheka, akiipangusa ile pua kwa leso ya hariri.
Karani wake hakucheka.
Alikuwa ameshapiga hesabu:
mshahara wake wa miaka kumi na mmoja, bila kula.

Jina la pili, wino mweusi: Shebwana Omari, Mambrui.
Huyu alipenda kilima cha kivukoni Kilifi.
Akitoka kwenye feri, katikati ya mpando alisimama makusudi,
akashikilia klachi, akaachia breki,
na gari likatulia, halirudi nyuma hata inchi,
huku nyuma yake Bedford la korosho laserereka
na utingo akimbia na jiwe.
"Lina subira kukushinda," akamwambia mkewe.
Bi Mwanamkuu, aliyeketi na kapu la maembe mapajani,
hakungoja lifike juu:

    Kama gari lasubiri, lioe ndo mke wako,
    likutilie sukari, kwenye kikombe cha kwako,
    ukiugua safari, likande magoti yako,
    mimi nashuka, kwaheri, we na hicho chuma chako.

Akashuka kweli. Akakipanda kilima kwa miguu,
akamngojea juu, akaingia. Wakaenda zao.

Jina la tatu limeandikwa kwa penseli: Ngumbao Thoya, Ganda.
Aliwapakia maharusi, shilingi kumi na kuku.
Mwaka wa sitini na sita, huko kwenye theluji, wakafunga milango.
Habari hiyo Malindi haikufika.
Kilichofika ni barua ya baba yangu, fundi Salehe wa Majengo,
aliyoiandika kuomba ringi za pistoni,
imerudi na stempu zake na mhuri asioweza kuusoma.
Aliitundika ukutani gereji, karibu na kalenda.
Ningali naikumbuka ile bahasha, ilivyokuwa safi.

Jina la baba halimo.
Ngumbao aliliacha gari kwa deni la ufundi, hakurudi.
Baba akalitia pampu ya Peugeot,
rejeta ya trekta, gasketi ya ngozi ya ndara,
na kila alipolipitisha sokoni majirani walisema
figo ya huyu, ini la yule,
Salehe, cha kwake mwenyewe ni pua.
Siku alipouza vyuma kwa kilo,
pua hakuiuza. Mama aliifugia kuku.

Jana, Maweni, nilisikia kitu chalia.
Mwambire auza maji. Nikainama chini ya mkokoteni,
chini ya madumu ishirini,
nikapangusa tope kwenye ekseli kwa ncha ya leso:
S, kisha T, kisha kutu.
Mwambire avuta, uso mbele.
Mdogo wake asukuma kwa mgongo,
uso ameuelekeza walikotoka.
"Mama, wanunua ama wachungulia?"
Nikanunua madumu mawili.