Mguu Gani Leo

Jumanne ulikuwa mguu wa mbele, wa kushoto.
Nikapapasa nikitafuta mwiba, hadi katikati ya vidole:
tope la Manteigas, basi.
Ijumaa ukapona. Nikashukuru mapema mno.
Jumapili alichechemea kwa mguu wa nyuma, wa kulia,
kama mtu aliyerudisha kilema cha kuazima
akapitia kwa jirani kuazima kingine.

Farrusco, miezi saba, kilo thelathini na nne,
mbwa wa mlimani mwenye nyayo
za mnyama mkubwa kuliko yeye.

Belmiro akasema, anadeka.
Mama mkwe akasema, jicho la Etelvina:
alimsifu bila kumtaja Mungu.
Mimi nikanyamaza, maana ndimi niliyemshindilia
maziwa ya kondoo, mchuzi, mabaki ya jibini,
awahi kukua
kabla mbwa mwitu hawajashuka mara ya tatu.

Tulikwenda Guarda kwa lori la maziwa.
Daktari, binti mwenye kucha fupi,
hakugusa kiungo. Alibonyeza paja, katikati ya mfupa.
Farrusco hakubweka.
Alinitazama mimi.

Picha ikawekwa mbele ya taa:
ndani ya mfupa, panapopaswa kuwa peusi,
ukungu, kama ule wa bondeni alfajiri.
"Ni ugonjwa wa wanaokua," akasema.
"Utahama mguu hadi mguu,
halafu siku moja utakosa pa kwenda.
Punguza chakula. Asikimbie. Kidonge asubuhi. Subiri."

Euro sitini, kuuziwa neno
ninalolala nalo kila siku!

Ila kuhama nakujua. Baba alipandisha kondoo kila Juni,
akawashusha baridi ilipouma.
Basi yumo mchungaji ndani ya mbwa huyu,
anaswaga kundi lisiloonekana
kutoka bega hadi paja, paja hadi kigasha,
na kila walalapo, hapalaliki.

Usiku nashuka zizini na tochi.
Naukumbatia mguu wa zamu.
Adérito naye, mwaka ule suruali zilipomkimbia vifundo,
alikuwa akiamka analia magoti,
nami, mikono imejaa chumvi ya jibini, nikamwambia
lala, unadeka.

Sasa anapanga vigae Lausanne.
Jana alipiga simu, na kabla ya salamu:
"Mguu gani leo?"
Nikamwambia.
Akacheka kidogo. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.
"Na wewe," nikamuuliza,
miaka kumi na mitano baadaye,
"wewe, ni wapi panauma?"